Unanunua mashine ya Vim Mtwara au Lindi? Tazama Shift ya kushoto kabla ya kuuliza RAM

Lalamiko ni lile lile, litoke Shangani, Ligula au Masasi. Mtu kanunua kompyuta mpakato ya mtumba, RAM ya kutosha, SSD nzima, kajifunza Vim, programu ya kuandika msimbo kwa amri za kibodi, wiki tatu, halafu anasema Vim "inajifanyia mambo yake": mistari inahama, faili halihifadhiki. Mara nyingi ukibandua stika za kibodi unakuta jibu.

Mashine nyingi za mtumba zinatoka Ulaya na kibodi za huko, za Kijerumani au Kifaransa. Muuzaji anabandika stika za herufi za Kiingereza, anabadilisha mpangilio ndani ya Windows, basi. Ya Kijerumani, bila stika na bila kubadilishwa, ina Y na Z zilizopishana, / inataka Shift na 7, { inataka AltGr na 7. Hayo programu inayarekebisha. Umbo la chuma halirekebishwi na stika: Enter ndefu ya kusimama, Shift ya kushoto fupi, na kitufe cha ziada kimekaa kati ya hiyo Shift na Z.

Kwa anayeandika barua, kitufe hicho ni usumbufu mdogo, anafuta anaendelea. Kwenye Vim, ukiwa kwenye hali ya amri, kila herufi ni amri. Kwenye Linux, ukiweka mpangilio wa Kimarekani, kitufe hicho kinatoa <, na < ni amri ya kusukuma mistari kushoto. Ulitaka J ya kuunganisha mistari miwili, kidole kidogo kikakosea Shift, ukapiga <j: mistari yote miwili imesogea kushoto. Kama ni Python, maana ya programu imebadilika na hakuna kilichokuonya. Ulitaka :w, ukapiga < na ; badala yake, kisha w ikasogeza kishale tu. Unaamini faili limehifadhiwa. Umeme ukikatika na betri imechoka, unabaki na faili la zamani.

Uzuri wote wa Vim ni mikono kutohama. Unapiga ci" maandishi ndani ya alama za kunukuu yanafutika, unaandika mapya, unabonyeza Esc kurudi kwenye amri, kisha nukta moja inarudia kazi hiyo hiyo mahali pengine. Unafanya hayo hata ndani ya seva ya mbali kupitia SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi) kwa bando dogo. Kidole kikilazimika kupapasa Shift, kasi hiyo inaisha. Na stika zenyewe, kwa jasho na unyevu wa pwani hii, gundi inalegea, pembe zinajikunja, kidole kinanasa kwenye J.

Chaguo la kwanza, na silifichi, ni ThinkPad T480 ya kibodi ya Kimarekani: Enter ya kulala, Shift ndefu. Hata ukiipata ya Kijerumani inaokoleka, maana kibodi yake inatolewa kwa juu bila kung'oa ubao mama, na ya T470 inaingia pia. Zima kwanza betri ya ndani kupitia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka) kabla fundi hajagusa kitu. Betri ni mbili: ya nyuma unaichomoa mashine ikiwaka, ya ndani inashikilia. Kwa siku za mgao huo ni msaada mkubwa. Tafuta ya nyuma yenye nundu, ya 72 Wh. Fn imekaa pembeni kabisa pale ulipozoea Ctrl, lakini BIOS ina sehemu ya kuzipishanisha. Kabla ya kulipa, chaji kwa matundu yote mawili ya USB-C, kwa sababu T480 zina historia ya firmware (programu ya ndani) ya Thunderbolt, moja ya matundu hayo, kuharibu uchaji. Washa upya ukibonyeza F1: ikidai nywila ya BIOS, iache hapo hapo. Kutoa betri ndogo ya ubao mama hakuifuti.

Ya pili T470, kibodi ile ile, prosesa ya zamani kidogo. Ya tatu X270 kwa anayesafiri. X1 Carbon ni nyepesi na nzuri mkononi, ila kibodi imeshikana na fremu ya juu. Ikiwa ya Kijerumani utabaki nayo. Dell Latitude 7490 inafaa, lakini kubadili kibodi ni kufungua kutoka chini, kazi ndefu. MacBook Pro zenye Touch Bar (ukanda wa kioo cha kugusa badala ya vitufe vya juu) kabla ya ile ya inchi 16 ya mwishoni mwa 2019 hazina Esc ya kubonyeza, na vitufe vyake vya butterfly vinakwama kwa vumbi. Ziache.

Pesa ikiwa ndogo: mashine yoyote nzima na kibodi ya nje ya USB yenye Shift ndefu.

Ukishakwama na Shift fupi, kwenye Linux inayotumia X andika kwanza setxkbmap -option caps:escape, Caps Lock iwe Esc. Kisha ongeza xmodmap -e "keycode 94 = Shift_L" -e "add shift = Shift_L", kitufe cha ziada kinakuwa Shift. Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, mwaka 1976 kwenye kituo cha kompyuta cha ADM-3A, ambako Esc ilikuwa kando ya Q.

Wauzaji wanajua wanachofanya. Wanaandika "kibodi ya Kiingereza" kwa sababu stika ni ya Kiingereza, bei wanataja ile ile ya mashine ya Kimarekani, na ukiomba kubandua stika moja wanakasirika. Anayeagiza Kariakoo akiwa Lindi anaumia zaidi, maana nauli ya kifurushi kwenye basi ni yake kwenda na kurudi. Usikubali picha ya pembeni yenye mwanga wa kupendeza. Dai picha ya kibodi kutoka juu, bila kava ya plastiki, Enter na Shift ya kushoto zikionekana, pamoja na video fupi ya mtu akibonyeza Esc, J, D na X mara kumi kumi kwenye Notepad. D inayotoa herufi mbili kwa mguso mmoja, ndani ya Vim ni dd, mstari mzima umefutwa. Akikataa kutuma, usitume pesa.