Firefox kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4: uzoefu wangu

Mashine ninazozihudumia ziko kwenye steshenari za Mwanjelwa na Soweto, hapa Mbeya. Ni kompyuta za mezani za mtumba: RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ile ya kuzunguka (HDD), Windows 10. Kazi zake ni fomu za mkopo za HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal, barua pepe, kupakua PDF na kuchapa. Kivinjari kikiganda katikati ya fomu, mteja anapoteza alichojaza na foleni inarefuka. Kwa kazi hizo nimehamia Firefox, na naipendekeza, ila kwa masharti.

Kwanza pima kabla hujahama. Kivinjari kinaposuasua, bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua Task Manager, utazame safu ya kumbukumbu (Memory) na ya diski (Disk). Kumbukumbu ikipita asilimia 90 na diski ikagota 100, RAM imejaa. Windows inahamishia mzigo kwenye diski, nayo diski ya kuzunguka haina mbio hizo. Hapo hata ununue bando kubwa kiasi gani, hupati nafuu. Ikiwa namba ziko chini na ukurasa bado unazunguka tu, shida ni mtandao. Fungua cmd, lile dirisha la amri la Windows, andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni anwani ya seva ya Google), uangalie majibu. Yakikatikakatika, au yakiruka kutoka milisekunde 60 hadi 900, modemu haipati mawimbi vizuri. Mji wetu ni wa vilima na mabonde, halafu mtu anachomeka modemu nyuma ya kompyuta, chini ya meza! Tafuta waya wa kurefusha USB, mita moja na nusu inatosha, uipandishe modemu dirishani. Mara nyingi habari inaishia hapo, na kivinjari hakikuwa na kosa lolote.

Kama ni RAM, mtafute anayeila. Kwenye Chrome, Edge na Brave bonyeza Shift + Esc. Kwenye Firefox andika about:processes pale pa anwani. Utaona vichupo (tabs) na viongezeo (extensions), vinashika megabaiti ngapi na vinasumbua prosesa kiasi gani. Wanaoongoza kwa kawaida ni walewale: ukurasa wa habari ulioachwa wazi tangu asubuhi, matangazo ya video yakijizungusha yenyewe pembeni, na kiongezeo cha kubadili PDF ambacho hakuna anayekumbuka nani alikiweka. Funga, ondoa, kisha pima tena.

Wengi wanatoka Chrome kwenda Opera, au Edge kwenda Vivaldi, wakidhani wamebadili kitu kikubwa. Zote hizo, pamoja na Brave, zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Injini ni ileile. Kinachotofautiana ni nyongeza zake: Edge inalaza vichupo visivyotumika, na unaweza kuiamuru ivilaze baada ya dakika 5, Brave inazuia matangazo bila kiongezeo. Ukibaki kwenye familia hiyo, washa vitu hivyo, na uzime kile kipengele cha kivinjari kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya kufungwa. Kwenye GB 4 kipengele hicho ni hasara tupu.

Firefox yenyewe si nyepesi. Ifungulie vichupo kumi bila kuigusa, itajaza RAM kama wenzake. Nimeichagua kwa sababu ya uBlock Origin, kiongezeo cha kuzuia matangazo. Mfumo mpya wa viongezeo wa Chrome, Manifest V3, umeliondoa toleo lake kamili na kuacha lile lililopunguzwa, la Lite. Firefox bado inalikubali kamili. Tangazo lisilopakuliwa halili bando, halili RAM, halimpotoshi mteja kwa kitufe cha uongo cha kupakua. Kwa steshenari, faida hiyo peke yake inatosha.

Kwenye mashine za pamoja tumia dirisha la faragha, Ctrl + Shift + P, ulifunge kila mteja akimaliza, ili akaunti ya mteja mmoja isimsubiri mteja anayefuata. Hapa watu wanakwama: uBlock haifanyi kazi kwenye dirisha la faragha mpaka uiruhusu. Nenda about:addons, ifungue, uweke ruhusa hiyo. Ukiwa unahamisha nywila zako kutoka kivinjari cha zamani kwa faili la CSV (orodha ya maandishi ya kawaida), lifute faili hilo mara tu baada ya kuliingiza, kwa Shift + Delete, maana kila nywila iko humo wazi na yeyote anaweza kuisoma.

Kasoro zipo. Dirisha la malipo likigoma kufunguka, zima uBlock kwa tovuti hiyo tu, upakie ukurasa upya. Zipo tovuti zinazogoma kabisa kwenye Firefox, ndiyo maana Edge siiondoi. Na Firefox ikianza kuwa nzito baada ya miezi kadhaa, usikimbilie kuifuta: nenda about:support, bonyeza Refresh Firefox. Alamisho na nywila zinabaki, viongezeo vinaondoka, kwa hiyo uBlock utaiweka upya.

Mwenye Windows 7 hana chaguo pana. Chrome ilimwishia kwenye toleo la 109, mwanzoni mwa 2023; Firefox 115 ESR, toleo la kuhudumiwa muda mrefu, ndiyo iliyoendelea kupata marekebisho ya usalama baada ya hapo.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya aina ya SATA, GB 240, kabla ya kuongeza RAM. RAM itajaa tena siku yenye wateja wengi, lakini ikijaa juu ya SSD kompyuta mara nyingi inapunguza mwendo tu, haigandi, na fomu ya mteja inafika mwisho.