LibreOffice Writer kwa anayeandika mswada wa kwanza

Kwa anayeandika riwaya au mkusanyiko wa hadithi fupi, LibreOffice Writer, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, inatosha kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka mswada umfikie mhariri. Ni ya bure. Faili la kusakinisha kwenye Windows linazidi MB 300, basi pakua mahali penye Wi-Fi. Baada ya hapo unaandika bila intaneti.

Nguvu yake iko kwenye mitindo, yaani fonti na nafasi unazoziweka mara moja zikatumika kwa aya zote za aina moja, na hapo ndipo wengi wanaoanza hupapita. Anayeingiza aya ndani kwa kugonga spesi mara tano anamwachia mhariri kazi ya kufuta spesi kabla hajasoma hata sentensi. Bonyeza F11, orodha ya mitindo itafunguka. Rekebisha mtindo wa matini ya kawaida mara moja tu: fonti Liberation Serif 12, nafasi ya mistari 1.5, mstari wa kwanza uingie sentimita 0.7, nafasi baina ya aya iwe sifuri. Herufi za Liberation Serif zina upana sawa na za Times New Roman, kwa hiyo mhariri akibadilisha fonti, kurasa hazihami. Kichwa cha sura kipe Ctrl+1. Sura mpya ianze kwa Ctrl+Enter. Ukigonga Enter mfululizo mpaka ukurasa uishe, siku utakayoongeza sentensi tatu huko nyuma, kichwa cha sura kitateremka hadi katikati ya ukurasa.

Ukishavipa vichwa mtindo wake, F5 inakuonyesha sura zote pembeni. Buruta sura ya saba uiweke kabla ya ya tano, na matini yake yote inaifuata. Kwa riwaya ambayo mpangilio wa matukio bado haujatulia, hakuna kitu cha bure kinachosaidia zaidi ya hiki.

Udhaifu mkubwa ni ukaguzi wa tahajia. Kamusi ya Kiswahili ipo, ila usiitegemee. Kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, njeo, mtendwa na mnyambuliko, maumbo yakawa maelfu. Kwa hiyo maneno sahihi hupigiwa mstari mwekundu. Ubaya zaidi ni makosa yanayopita kimya. “Ana kuja” haiguswi, kwa kuwa “ana” na “kuja” kila moja ni neno. Aliyeandika “kura” akimaanisha “kula” naye hapewi onyo. Dawa ni Ctrl+H: tafuta “ana ku”, “wana ku”, na makosa mengine unayojijua kuwa nayo, kisha soma mswada mzima kwa sauti. Kagua pia ng’ kila mahali: alama iliyonyooka na iliyopinda zikichanganyika, ukitafuta “ng’ombe” huenda usiwapate wote.

Programu ikikumalizia maneno marefu yenyewe, zima jambo hilo kwenye mipangilio ya masahihisho. Kitufe cha Enter ndicho kinachokubali pendekezo, na unapotaka aya mpya unajikuta umepata neno usilolikusudia.

Hifadhi faili mama katika ODT, muundo wa Writer yenyewe. Mhariri akitaka DOCX, muundo wa Microsoft Word, mpe nakala, na kabla hajaanza awashe ufuatiliaji wa mabadiliko (Ctrl+Shift+C kwenye Writer, Ctrl+Shift+E kwenye Word) ili uone kila alichofuta. Usihamishe faili lilelile huku na huku kati ya programu mbili kila wiki: namba za orodha na mpangilio huanza kuyumba. Ingia kwenye mipangilio kwa Alt+F12, uamuru nakala ya akiba itengenezwe kila unapohifadhi. Umeme ukikatika utaithamini.

Wanaoandika kwa simu watumie Collabora Office, iliyojengwa juu ya msingi uleule. Inafaa kuandika sura au kusahihisha, lakini mswada wa kurasa mia mbili kwenye simu ya kawaida ni mzigo.

Kwa vitabu vya watoto vyenye picha kila ukurasa, siipendekezi: ukiongeza maneno, picha huruka. Andika maneno humu, onyesha picha ikae wapi, halafu mpangilio ufanyike kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, ambayo nayo ni ya bure.