Kushiriki jaribio la dawa la chuo kikuu: uzoefu wangu na ya kukagua kabla hujasaini

Nimeshiriki jaribio la dawa ya presha lililoongozwa na chuo kikuu hapa Tanzania, na nimo katika kamati ya ushauri ya jamii, ile inayosoma fomu za ridhaa kabla hazijafika kwa wagonjwa. Huduma hii naipa nyota 4 kati ya 5. Vipimo vilichukuliwa kwa makini, foleni ilikuwa fupi, na simu ya dharura ilipokelewa hata usiku. Nyota niliyoikata inahusu matokeo ya utafiti, nami nitaieleza mbele. Kituo sikitaji jina, maana mengi ya haya utayakuta popote.

Elewa kwanza kwamba hii si kliniki ya kawaida. Kliniki, daktari anakuchagulia dawa kwa kuangalia hali yako. Kwenye jaribio unapangwa kundi kwa bahati nasibu, na mara nyingi wewe na anayekupima nyote hamjui umeangukia kundi gani. Hapa ndipo maelezo huharibika kuliko popote. Muuguzi akisema "kompyuta ndiyo itakayokupangia", wengi huondoka wakiamini kompyuta imesoma faili lao na kuona dawa inayowafaa. Sivyo. Haijui lolote kuhusu ugonjwa wako, ni sawa na kurusha shilingi. Hufanywa hivyo kwa sababu madaktari wakiachiwa kuchagua, huenda wenye afya nafuu wakarundikwa upande mmoja, na mwishoni isijulikane kilichowasaidia ni dawa au ni nafuu waliyokuja nayo.

Basi uliza: kundi la pili linapata nini? Usiridhike na jibu la "dawa bandia", yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Mwenye presha hapaswi kuachwa bila tiba. Dawa bandia huongezwa juu ya matibabu ya kawaida, au dawa mpya hulinganishwa na ile iliyozoeleka. Mfano mzuri ni jaribio la chanjo ya malaria ya R21, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ambalo vituo vyake vilikuwemo Bagamoyo na Kilifi. Watoto wa kundi la ulinganisho walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo nao walitoka na kinga yenye faida.

Fomu yenyewe ina sehemu mbili, taarifa na ukurasa wa saini. Angalia pembeni au chini ya kila ukurasa: pawe na namba ya toleo na tarehe. Kwa Tanzania, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha taifa kinachotolewa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pamoja na kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kenya ni kamati ya maadili inayotambulika, ile inayolinda haki za washiriki, pamoja na Bodi ya Dawa na Sumu. Fomu iwe na simu ya mtafiti mkuu na simu ya kamati ya maadili. Hizi ni namba mbili tofauti, na ya pili ndiyo ya kulalamikia. Nakala yenye saini ni yako, ondoka nayo. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, kisha anaweka dole gumba. Kama huelewi, ichukue nyumbani ukaisome na wenzako. Kituo kinachokuharakisha usaini palepale, kwangu mimi, kimeshakosa alama.

Kuhusu damu, wauguzi wazuri huitaja kwa vijiko vya chai: kijiko kimoja ni takriban mililita 5. Kiasi cha kila hudhurio na sababu yake vinapaswa kuandikwa. Huku kwetu hadithi za mumiani bado zina nguvu, na dawa yake ni kuonyeshwa chupa na kuambiwa kila moja inakwenda kupimwa nini: sukari, figo, ini. Kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye, au kuzipeleka nje ya nchi, ni ombi jingine na kwa kawaida lina kisanduku chake. Mara nyingi unaweza kukataa hilo na bado ukashiriki jaribio. Hakikisha hivyo kwenye fomu yako.

Ukishaingia, kazi kubwa ni yako. Rudisha chupa zote za dawa, hata tupu, maana vidonge vinahesabiwa. Dozi ulizoruka usizitupe kwa aibu. Vidonge vikionekana vimeisha kumbe vimetupwa, watafiti watadhani dawa imeshindwa kazi, kumbe haikumezwa. Taja pia mitishamba na dawa za duka la jirani, kwa sababu baadhi huingiliana na dawa ya utafiti. Kadi ya mshiriki itembee nawe. Ukilazwa hospitali nyingine, mwonyeshe daktari apige simu. Kulazwa, kwa sababu yoyote ile, huhesabiwa kuwa tukio kubwa hata kama halihusiani na dawa, na kituo kinapaswa kuliripoti haraka, aghalabu ndani ya saa 24 tangu kijue. Wengi hukaa kimya wakiogopa kuondolewa. Ukimya huo unawaweka wenzao hatarini.

Matukio hayo katika majaribio makubwa hupitiwa na kamati huru ya usalama, ambayo huona takwimu za makundi wakati watafiti wenyewe hawazioni. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Imperial College London kwenye hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, liliwapima watoto mahututi wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, kuona kama kuwaongezea maji mengi kwa haraka kwenye mshipa kunaokoa maisha. Wengi waliamini jibu ni ndiyo. Mwaka 2011 kamati ilipendekeza uandikishaji usimamishwe, watoto zaidi ya 3,000 wakiwa wameshaingia: waliopewa maji kwa haraka walifariki kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, na wasiopewa hivyo walikuwa 7. Matibabu yaliyoaminika yalikuwa yanaua, na hayo yasingejulikana bila kundi la ulinganisho. Mtu akiniuliza kwa nini bahati nasibu, humjibu kwa mfano huu.

Kujitoa kunaruhusiwa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Lakini kuna njia mbili. Unaweza kuacha dawa ukaendelea kuja kupimwa, au ukaacha vyote. Ya kwanza hutajwa mara chache, nayo ndiyo salama zaidi kwako. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki. Sampuli zilizobaki unaweza kuomba ziharibiwe.

Nauli iandikwe kwa kiwango na siku ya kulipwa. Kwetu ilichelewa, na kwa mtu wa kibarua kucheleweshewa nauli ni kukosa hudhurio lijalo. Uliza pia nani anagharamia ukiumia, bima inaishia wapi, na kama dawa ikifaa utaendelea kuipata baada ya jaribio. Swali hili la mwisho liulizwe kabla ya saini, kwa sababu hapo bado una nguvu ya kukataa.

Sasa ile nyota. Jaribio liliisha, na hakuna aliyetuita kutueleza lilichogundua wala kila mmoja alikuwa kundi gani. Hili halina udhuru. Kabla hujasaini, uliza matokeo yatarudishwaje: mkutano, ujumbe wa simu, au karatasi ya Kiswahili? Chukua pia namba ya usajili wa jaribio. Inayoanza na PACTR iko kwenye rejista ya majaribio ya Afrika, inayoanza na NCT iko ClinicalTrials.gov, rejista ya Marekani. Zote mbili ni za bure na hufunguka kwenye simu. Ukiandika namba yako utaona kama jaribio bado linaendelea, limesimamishwa au limekamilika, na wakati mwingine matokeo yenyewe.