Milio ya Tahadhari Katika Makro za Excel: Tathmini ya Njia Nne

Anayeingiza takwimu kutoka kwenye makaratasi huyakazia macho makaratasi hayo, si skrini, na kwa hiyo ujumbe wa kosa unaojitokeza kimya kimya unaweza kumkuta ameshavuka mistari kumi. Kwa sababu hiyo nilitaka makro zangu, yaani programu ndogo zinazoendesha kazi ndani ya Excel, zitoe mlio mmoja zinapokubali ingizo, mwingine zinapolikataa, na wa tatu kazi ndefu inapokwisha, kila mmoja ukitambulika bila kuinua kichwa. Nimezijaribu njia nne kwenye Excel ya Windows, na hazilingani hata kidogo kwa manufaa.

Amri ya Beep iliyomo ndani ya VBA, lugha ya kuandikia makro, ni neno moja tu lisilohitaji matayarisho yoyote, na kwa makro inayotangaza kwamba imemaliza kazi, inatosha kabisa. Hata hivyo, haikuruhusu kuchagua sauti iwe nyembamba au nzito, fupi au ndefu. Nilijaribu kutofautisha kwa idadi, mlio mmoja kwa ingizo sahihi na mitatu kwa kosa, lakini kwa kuwa amri hiyo haisubiri sauti iishe ndipo iendelee, milio mitatu ilisikika kama mmoja mpaka nilipoweka pumziko katikati.

MessageBeep, inayopatikana katika user32, mojawapo ya maktaba za amri za Windows, huenda hatua moja mbele: ukiipa namba 16 hutoa sauti ya kosa kubwa, 48 ya onyo, na 64 ya taarifa. Sauti zenyewe, lakini, hutoka kwenye mipangilio ya mtumiaji, na katika kompyuta niliyoitumia mbili kati ya hizo zilifanana kiasi kwamba sikuweza kuzitenganisha. Sikuendelea nayo.

Njia iliyonitosheleza ni Beep nyingine, ile ya kernel32, ambayo hupokea masafa ya sauti (wembamba au uzito wake) kwa hezi, kuanzia 37 hadi 32,767, na muda kwa milisekunde. Hutangazwa juu kabisa ya moduli, yaani ukurasa wa kuandikia makro, kwa mstari mmoja, na ni vyema kuipa jina jipya ili isigongane na Beep ya VBA:

Private Declare PtrSafe Function PigaMlio Lib "kernel32" Alias "Beep" (ByVal masafa As Long, ByVal muda As Long) As Long

Baada ya hapo, PigaMlio 880, 120 hutoa mlio mwembamba na mfupi ambao nimeutengea ingizo lililokubaliwa, na PigaMlio 220, 500 hutoa mlio mzito wa nusu sekunde ambao hakuna anayeweza kuudhania kuwa ni wa heri. Kazi inapokwisha napiga 523, 659 na 784 kwa kufuatana, yaani do, mi, so, na sauti hupanda vizuri bila kuhitaji pumziko, kwa sababu amri hii husubiri kila mlio uishe. Kusubiri huko ndiko pia udhaifu wake: mlio wa sekunde mbili huisimamisha makro kwa sekunde mbili, na ukiwekwa ndani ya kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, kinachopitia mistari elfu moja, kazi ya muda mfupi hugeuka ya zaidi ya nusu saa. Neno PtrSafe lisiachwe, kwa kuwa Office ya biti 64 hukataa tangazo lisilo nalo, na mifano mingi iliyoandikwa kabla ya Office 2010 haina neno hilo. Nashauri pia mlio uitwe kutoka kwenye tukio la Worksheet_Change, linaloamshwa seli inapobadilishwa, badala ya kuwekwa katika fomula ya seli, maana fomula hulia tena kila inapokokotolewa upya, hata kama hakuna aliyeigusa seli hiyo.

PlaySound ya maktaba ya winmm hucheza faili la WAV lolote, hata sauti ya mtu aliyejirekodi akisema “namba hii imerudiwa”, na ukiipa alama ya SND_ASYNC, makro huendelea na kazi wakati sauti inasikika. Ni njia tajiri kuliko zote, ila faili la sauti lazima lisafiri pamoja na lahajedwali. Likikosekana, Windows hucheza sauti yake ya kawaida, na mtumiaji hupata mlio usiomweleza lolote. Kwa lahajedwali linalobaki kwenye kompyuta moja ningeichagua bila kusita, lakini kwa lile linalopita mikononi mwa watu wengi nabaki na PigaMlio, pamoja na rangi nyekundu kwenye seli yenye kosa kwa ajili ya wasiosikia vizuri na wale waliozima spika.