Jambiani: bibi anayetufikisha mwambani kwa miguu na kuturudisha

Nimeshakwenda naye mara tatu, zote wakati wa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na sasa naona ni haki yake niandike. Wenzangu tunaovua kwa fimbo na mshipi tukiwa tumesimama majini, bila ya chombo, huniuliza kila siku: wapi Unguja mtu anafika mwambani kwa miguu akarudi salama? Jibu langu ni Jambiani, pwani ya mashariki, kwa sharti uende na bibi huyu.

Jina lake silitaji, hakunipa ruhusa. Pale pwani wanamwita Bi Mkubwa tu. Amechokoa pweza tangu udogo wake na bado anachokoa. Kwa shilingi 25,000 kila mtu, mnatoka naye maji yakitoka na mnarudi naye yakianza kujaa. Ndani ya bei hiyo mna chambo cha pweza na mkongojo wa mvinje. Hakuna chakula wala risiti.

Kwa nini nalipa, na mimi ni mtu wa hapa hapa? Sababu inaanzia mbali. Niliishi miaka sita Perth, kule Uskoti, mji unaopitiwa na mto Tay. Ndio mto mrefu kuliko yote ya Uskoti, na katika Uingereza nzima hakuna unaobeba maji mengi kuushinda. Watu huvua trauti humo kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 6 Oktoba, wamesimama mtoni na suruali za mpira zinazofika kifuani, maji baridi mpaka mifupa inauma. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ndiye aliyenifunza, na alinifunza kutembea kabla hajanishikisha fimbo. Simama ubavu, mkondo usikupige usoni wala mgongoni. Mguu mmoja utulie ndipo uhamishe wa pili. Mkongojo uwe upande maji yanakotoka. Kaza mkanda kiunoni juu ya suruali, ili ukianguka maji yasiingie kwa wingi. Na kabla hujatia mguu majini, tafuta kwanza pa kutokea.

Hilo la mwisho nililisahau niliporudi nyumbani. Mwaka jana kijana mmoja wa pwani nyingine ya mashariki alitupeleka mwambani watu watatu, mmoja wetu na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Maji yalikuwa makavu, mwamba umeanikwa juani kama sakafu. Tukavua, tukafurahi, macho yote kwenye bahari kuu. Nilipogeuka nyuma, pale tulipopita na viatu vikavu palikuwa na maji ya kiunoni yanakwenda mbio, na sisi bado tumesimama pakavu! Mwamba uko juu kuliko bonde lililo kati yake na pwani, kwa hiyo maji yakirudi huingia kwa mlango wa mwamba, yaani pale mwamba ulipokatika, hujaza kwanza lile bonde lililo mgongoni mwako, ndipo yakufuate ulipo. Tulivuka tumeshikana mikono, mtoto akiwa katikati. Fimbo moja ilikwenda na maji. Usiku ule sikulala vizuri, nikimuona yule mtoto tu, na baada ya hapo sikwenda tena mwambani kwa miezi mingi.

Sasa Bi Mkubwa. Siku ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza kama najua kuogelea, kisha akaniangalia miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Tay, vile vyenye soli za felti, yaani sufu iliyoshindiliwa. Mtoni hushika vizuri sana juu ya mawe yenye utelezi. Alikichukua kimoja akaibonyeza soli kwa dole gumba.

"Mwanangu, hii miba itapita."

Alikuwa anasema wale wadudu wa baharini wenye miba mirefu myeusi, ambao huku wamejaa kwenye vishimo vya mwamba. Akanituma kwa jirani yake nikaazima raba za kamba zenye soli ngumu. Kandambili hazitaki hata kuziona. Yeboyebo nazo anazikataa, kwa sababu ni laini na hubaki matopeni mguu ukitoka. Suruali za mpira za mtoni msije nazo: kwenye maji haya ya joto hazina kazi, na zikijaa maji ni mzigo wa kukuzamisha.

Anataka mfike pwani saa 2 na nusu asubuhi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bamvua huku kwetu hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa siku hizo hukaribia mita 4. Kwa hiyo hangojei mtu. Mara ya pili rafiki yangu alichelewa daladala la 309, lile la Jambiani, akafika tukiwa tumeshatangulia, na Bi Mkubwa hakukubali amfuate peke yake. Fedha alimrudishia.

Njia yenyewe haiendi moja kwa moja. Inapita kando ya mashamba ya mwani, ambayo yamekuwepo huku tangu mwaka 1989, na yeye hakuruhusu kukatisha ndani ya kamba. Kwanza ni mali ya watu, wanawake wamejiinamia humo tangu alfajiri. Pili, maji yakiwa ya magoti vile vijiti huvioni, na mtu akijikwaa huangukia vijiti vingine. Kwenye mchanga anatuambia tusinyanyue miguu, tuiburuze, ili taa aliyejifukia ahisi tunakuja aondoke mwenyewe. Mimi nilizowea kuburuza miguu Tay kwa ajili ya mawe, sikujua kwamba mwendo ule ule una kazi nyingine nyumbani. Kwenye mwamba ni kinyume: unatazama, unakanyaga jiwe lililokufa, matumbawe hai unayaacha.

Begani alikuwa na kikapu, na ndani yake chupa ya chai na kidumu cha plastiki kilichokatwa mdomo. Nikamuuliza kama tutakunywa chai mwambani. "Hayo ya mguu," akasema. Ni maji ya moto. Sumu ya mwiba wa taa, na ya yule samaki anayefanana na jiwe, makali yake hupunguzwa na joto. Unauweka mguu ndani ya maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila ya kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Nimelipia safari za uvuvi ghali mara kumi kuliko hii, na sikumuona mtu amebeba maji ya moto.

Lakini kilichonifanya nimuamini kabisa ni majani. Tulikuwa tumesimama karibu na mlango, maji ya mapajani, mimi nimeshika changu wangu wa tatu. Yeye hakuwa akitazama bahari wala saa. Alikuwa ameinama anaangalia majani ya baharini karibu na miguu yake. Maji yanapotoka, majani yote hulala yakielekea bahari kuu. Akaniita nije nione. Yalikuwa yamesimama wima, yanacheza pale pale. Nikayatazama labda dakika mbili, tatu, mpaka ncha ya jani moja ikaanza kuinama upande wa pwani, kisha la pili.

"Haya, mshipi ndani. Twende."

Changu walikuwa ndiyo kwanza wanakuja. Nilitamani kumbembeleza, nikakumbuka lile bonde na yule mtoto, nikakunja mshipi. Kurudi tulilivuka bonde maji yakiwa hayajafika magotini.

Kasoro zipo. Muda wa kuvua ni mfupi, hauzidi saa moja, na anayetaka samaki wengi akodi ngalawa. Hachukui zaidi ya watu wanne. Maji mafu, siku bahari isipokupwa sana, hatoki kabisa, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, ukikaza huahirisha asubuhi hiyo hiyo, wewe umeshatoka mjini na nauli imekwenda. Na angeweza kuwa na viatu vya kuazimisha vya saizi mbalimbali. Raba za jirani zilinibana mpaka kucha ikaniuma siku mbili.

Ukitaka kwenda, angalia mwezi kwanza, chagua siku mbili tatu baada ya kuandama au baada ya mpevu. Fika Jambiani jana yake ukiweza, uwaulize wanawake wa mwani, watakuonesha. Chukua kofia, maji ya kunywa na soksi nene.

Mara hii ya mwisho nilikwenda na mpwa wangu wa miaka kumi na tano. Chupa haikufunguliwa. Tulipofika juu, Bi Mkubwa aliitia majani ya chai na kipande cha tangawizi, tukanywa chini ya mvinje. Mwamba tuliokuwa tumesimama ulikuwa haupo tena, maji matupu, na mpwa wangu akawa anauliza bamvua ijayo ni tarehe ngapi.