Stonehenge: alfajiri ya Juni au ya Desemba?

Ukipanga kwenda Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale kusini mwa Uingereza, kuupokea mgeuko wa majira, uchague siku ndefu kuliko zote au ile fupi kuliko zote?

Kwa gharama hazipishani: siku zote mbili kuingia katikati ya mawe ni bure, na fedha huishia kwenye nauli na malazi. Mawingu nayo hayana adabu, yanaweza kulificha jua Juni kama Desemba.

Tofauti iko kwenye mwili. Juni unakesha. Jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri upande lilipo jiwe la pekee lililoinama, ngoma zinalia, maelfu ya watu wamebanana bega kwa bega. Kwa kijana ni raha tupu. Mzee wa magoti mabovu atateseka. Desemba unalala usingizi wako, kwani jua hutoka baada ya saa 2 asubuhi. Umati ni mdogo, unaweza hata kuinua macho ukatazama jiwe lilivyochongwa. Ila baridi ya uwanda ule inapenya soksi mbili.

Kwa maana, moyo wangu uko Desemba. Mhimili wa mawe huelekea pia machweo ya siku hiyo, na mifupa ya nguruwe iliyofukuliwa Durrington Walls, makazi ya kale jirani tu, inaashiria karamu za majira ya baridi miaka 4,500 hivi iliyopita. Lakini mwenye watoto wanaofunga shule Juni, au anayetaka shamrashamra, hesabu yake ni nyingine.