LED nyekundu za Luthuli: mfuko umeandikwa 660, taa ni 630

Naishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya kwanza, na anayeijua Pipeline hahitaji maelezo. Nikinyoosha mkono dirishani na jirani wa ng'ambo akinyoosha wake, tunasalimiana. Habari za jua nazipata kwa walio juu. Nguo zangu hukaushwa na upepo. Mtu wa hali hiyo akitaka dhania na spinachi zake mwenyewe ndani ya nyumba, ni taa au aache.

Hii ni taa yangu ya pili. Ya kwanza niliiunda kama nilivyosoma mtandaoni: LED nyekundu nane, buluu mbili, chumba kizima zambarau. Hoja yenyewe si uongo, maana klorofili hupenda zaidi nyekundu na buluu. Ila watu husema jani hukikataa kijani, na hapo ndipo wanapokosea. Hurudisha kidogo tu, ndicho hicho tunachokiona. Kingi hukinyonya, tena kijani hupenya hadi ndani ambako nyekundu imeshaishia juujuu. Lakini kilichonichosha si hayo. Chini ya zambarau, jani zima na jani linaloumwa yote ni meusi. Vidukari walifyonza spinachi zangu wiki mbili, nikaja kuwaona siku niliyotoa ndoo nilizopandia kwenye korido. Na keateka alipanda kuniuliza kama nimefungua baa.

Kwa hiyo safari hii nikasema nyeupe iwe ndiyo ugali, nyekundu iwe mboga. LED nyeupe kwa ndani ni chipu ya buluu, ya nanometa 450 hivi (hicho ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), iliyopakwa unga wa manjano juu. Buluu ya kuufanya mche uwe mfupi na mnene imo tayari, huna haja ya kuinunua kando. Inayopungua ni nyekundu iliyokolea, ile ya nanometa 660. Nikaandika kwenye karatasi: nyeupe 8 za 4000K (nyeupe ya wastani, si ya manjano wala ya buluu), nyekundu 4 za 660, draiva moja (kifaa cha kuzilisha LED umeme) ya miliampia 600, bamba la alumini.

Stoli niliyoendea iko Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini, ndani ya jumba lililokatwakatwa hadi muuzaji na mteja wanapumuliana. Huduma naisifu. Dada anayeuza hana haraka, na hukuwashia kila LED mezani kabla hujalipa. Nyeupe zote nane ziliwaka sawasawa. Alijaribu kuniuzia za 730 pia, "zinakuzanga mimea haraka, bosi". Nikakataa. Mwanga wa 730 ukizidi, mmea hudhani uko kivulini chini ya mwenzake, basi hurefusha shingo kutafuta jua. Yangu haihitaji kukumbushwa kwamba iko kivulini. Zile za waridi zinazoitwa za rangi zote nazo nikaziacha. Ni chipu ileile ya buluu iliyopakwa unga mwekundu, na macho yangu yamechoka na disko.

Shida ikawa nyekundu. Zilitoka kwenye mfuko ulioandikwa 660 kwa kalamu nzito, shilingi 80 moja, na za 630 zilikuwa 40. Pale dukani ziliwaka zikanifumba macho, nikafurahi. Nilipaswa kushtuka. Jicho la binadamu huiona 660 kwa shida. Kwa umeme uleule, 630 huonekana kali mara kadhaa. Nyekundu inayokupiga usoni, iliyoegemea chungwa, si hiyo unayoitafuta.

Nyumbani nilikuwa nimeshalehemu moja ndipo shaka ikaniingia. Nilikuwa na 660 niliyoing'oa kwenye taa ya zamani, ya muuzaji mwingine, iliyokuja na karatasi yake ya vipimo. Nikachana mwanya mwembamba wa kusimama kwenye boksi la viatu, nikaweka LED mbili nyuma yake, ya zamani juu, mpya chini. Nikazima taa, nikaangalia mng'ao wake kwenye CD ya gospeli iliyokwaruzika. CD hutawanya mwanga kama upinde wa mvua, na kila urefu wa wimbi una mahali pake pa kukaa. Zingekuwa sawa, mistari miwili ingepangana. Wa chini ulikaa upande wa chungwa, haukufika ulipo wa juu.

Jumamosi nikarudi.

"Dada, hizi si 660."

"Bosi, si mfuko umeandikwa?"

"Mfuko mmeuandika nyinyi."

Akacheka, akampigia mwenye duka, na baada ya dakika kumi ikajulikana kwamba mifuko miwili ilimwagwa pamoja. Akanibadilishia tatu, tukiziwasha moja moja kando ya ile yangu ya zamani. Ya nne alikataa kwa sababu imeshaguswa na risasi ya kulehemu. Nikainunua upya. Niseme kweli, 630 haiui mmea, hata usanisinuru inaufanya vizuri; ila 660 nzuri huupa mmea mwanga mwingi zaidi wa kutumia kwa umeme uleule, hata kama jicho halioni hivyo, na ndiyo niliyoilipia.

Sasa zote kumi na mbili ziko kwenye mstari mmoja, ncha kwa ncha. Usiziunge nyekundu na nyeupe sambamba: nyekundu hutosheka na volti 2 na kitu, nyeupe hutaka 3 na kitu, kwa hiyo nyekundu itajivutia umeme wote na kuungua. Chini ya kila moja paka yale mafuta meupe ya kupitisha joto. Nilisahau kwenye moja, ikanichoma kidole.

Taa inaning'inia sentimita 25 juu ya ndoo. Inakula wati 24 hivi, saa 14 kwa siku, yaani yuniti 10 za tokeni kwa mwezi. Mama Kevo anayeuza mboga pale chini, ambaye dhania yake ni shilingi 10 kwa fungu, alipiga hesabu hiyo haraka kuliko mimi na bado ananicheka. Lakini majani nayaona rangi yake, na vidukari waliporudi nimewaona siku ileile.

Draiva inavuma usiku, kama mbu aliyenasa kwenye chupa. Hiyo sijairudisha bado.